Jua Litakapomegwa

Ndugu zangu Waislamu wa Kiomboi,

Jumatatu ya 2 Agosti 2027, inshaallah, jua litapatwa. Makka na Jedda litafunikwa lote mchana kweupe. Huku kwetu Iramba litamegwa kipande tu, nyakati za Adhuhuri. Mwanga hautapungua kiasi cha kumshtua aliyeko sokoni, wala kuku hawatakwenda kulala. Hofu yangu ni hiyo: alama ya Mwenyezi Mungu ipite juu ya vichwa vyetu, nasi tumeinamia mizani tunapima alizeti. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, kule Mbarali, kulitazama jua lililobaki pete. Siku ile ni misikiti mingapi ya kwetu iliyosimamisha swala ya kupatwa kwa jua?

Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, jua lilipatwa siku aliyofiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto wa Bibi Maria. Watu wakasema jua limemlilia mtoto. Baba mwenye msiba mbichi angeweza kunyamaza akafarijika na maneno hayo. Hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu, na kwamba wakiona hivyo wakimbilie swala, dua na sadaka. Mimi sijui mfano mkubwa kuliko huo wa kuipenda kweli.

Wako watakaosema: wataalamu wameshahesabu kupatwa huku hadi dakika, sasa cha kuogopa ni nini? Lakini Surat Ar-Rahman yenyewe inatwambia jua na mwezi huenda kwa hesabu. Hesabu kutimia ni ushahidi wa Aliyeipanga. Na Mtume, aliyemjua Mola wake kuliko sisi sote, alitoka kwa haraka siku ile, akiburura nguo yake.

Basi vijana mnaopenda kukaa nje usiku wa kiangazi, anga ikiwa safi, mkiutafuta mwezi mwandamo, mkiijua Zuhura jioni, mkiona kwa darubini ndogo miezi minne ya Mshtarii, msidharau kazi hiyo. Swala ya kupatwa imefungamana na kuonekana kwake, na hapa kwetu asiyetazama kwa makusudi hataona. Msikiti utawategemea ninyi.

Ila macho ni amana. Jua huunguza ndani ya jicho bila maumivu, na mtu hugundua baadaye. Miwani ya kawaida ya jua haifai, wala kioo kilichopakwa masizi, wala filamu ya eksirei, na darubini isiyo na kichujio maalumu cha jua ni hatari kubwa zaidi. Chukueni kipande cha boksi, toboeni tundu dogo kwa sindano, lipeni jua mgongo, mwanga uangukie kwenye karatasi nyeupe: mtaliona jua limemegwa. Hata chini ya mwembe, mwanga unaopenya majani utachora chini vijua vingi vidogo vilivyomegwa. Waonyesheni watoto hapo.

Mkishaona, muadhini asitoe adhana. Anaita tu: Asswalaatu jaami'ah. Ni rakaa mbili, kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili, na kisomo ni kirefu. Kina mama nao waje. Bibi Aisha na dada yake Asmaa waliiswali. Maimamu waanze kuifundisha sasa, baada ya Isha, maana maamuma wengi hawajapata kuiswali na rukuu ya pili itawachanganya.