Pembe ya Shamba Isiyovunwa



Katika Walawi 19 Mungu aliwaagiza Waisraeli wasivune shamba mpaka pembeni, bali wawaachie maskini na mgeni. Shamba lilikuwa lao, lakini si mavuno yote yaliyokuwa yao. Tulilitafakari tena agizo hilo tuliposoma habari za wakulima wa Marekani.

Mwaka 1850 serikali ya nchi ile iliyapa majimbo mengi ardhi ya vinamasi ili ikaushwe na kulimwa. Kufikia miaka ya 1980, katika majimbo 48 zaidi ya nusu ya vinamasi vya zamani vilikuwa vimekwisha. Kumbe kinamasi kina kazi yake: hupokea maji ya mvua kubwa na kuyaachilia polepole, huzuia matope, hulisha samaki na ndege. Basi mwaka 1990 Bunge lao likaanzisha mpango wa kuwalipa wenye mashamba wavirudishe. Ardhi hubaki mali ya mwenyewe, ila huweka sahihi kwamba sehemu ile hatailima tena, pengine kwa miaka 30, pengine daima, hata akiiuza. Serikali humlipa, tena husaidia gharama za kuziba mitaro na kurudisha mimea ya asili. Mwaka 2014 mpango huo uliunganishwa na mingine, na kazi inaendelea.

Yuko atakayeuliza: Je, mtu alipwe kwa kutenda mema? Sisi twaona malipo hayo ni haki. Anayeacha kulima hupoteza chakula na fedha, na wanaofaidi ni jirani zake walio chini ya mto. Si vema mmoja abebe mzigo kwa faida ya wote.

Na sisi Tanzania? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria njema. Lakini mjane akiambiwa aache bustani yake ya bondeni, nani amemwonyesha atakapolima?

Basi twashauri mambo mawili. Wenye mashamba makubwa tuanze sisi kuacha bonde lipumzike, bila kungoja malipo. Na katika sadaka ya mavuno, Halmashauri ya Parishi itenge fungu kwa wale walioacha bonde na hawana shamba jingine. Hapo jirani wa chini atapata maji, na wa juu hatalala njaa.

Bwana atupe mioyo ya kuacha pembe. Amina.