Daraja na Amri ya Tano



Asimamaye pwani ya Kiwengwa, Unguja, haoni daraja. Aona bahari na vyombo tu. Tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander I, iliyojaa kupita kiasi, ilizama ikielekea Pemba, wakafa watu mamia.

Wajapani nao walionja msiba huo. Mwaka 1955 meli Shiun Maru iligongana na nyingine katika ukungu. Wakafa watu 168, wengi wao watoto wa shule. Walilia, kisha wakajenga. Mwaka 1988 lilifunguliwa Daraja Kuu la Seto, lipitalo juu ya visiwa vidogo vitano, sehemu zake ndefu zikining'inia kwa kamba nene za chuma.

Sisi daraja kama hilo hatuna. Lakini amri ya tano haingoji daraja: Usiue. Mwenye chombo apakiaye kupita kipimo, karani auzaye tikiti ya ziada, nasi tusukumanao kupanda, sote tutaulizwa. Mtakatifu Katarina wa Siena alimwita Kristu daraja kati ya mbingu na dunia. Basi amfuataye Kristu na amvushe jirani yake salama. Tuwaombee marehemu; na chombo kikijaa, tushuke.