Je, Kila Ajali ni Mapenzi ya Mungu?



Msibani husikika neno, "Ajali haina kinga, ni mapenzi ya Mungu." Je, ni kweli? Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani. Toka 2010 idadi hiyo ilipungua kwa asilimia 5, ijapokuwa magari yaliongezeka zaidi ya mara mbili. Kinachopunguzwa kwa mikanda, kofia ngumu na mwendo wa kiasi chawezaje kuitwa majaliwa? Dereva akizidisha mwendo mara mbili, breki zahitaji nafasi mara nne.

Sheria ya Musa (Kutoka 21:28-29) hutenganisha mambo mawili. Ng'ombe asiyejulikana kwa ukali akiua mtu, mwenyewe hana hatia. Lakini mwenyewe akiwa alikwisha kuonywa, naye hakumfunga, damu ni juu yake.

Sisi tumekwisha kuonywa. Tena onyo si la dereva peke yake. Abiria anayemhimiza akimbize gari tuwahi harusi, na yule anyamazaye kwa kuona haya, wote wamemwacha ng'ombe huyo nje ya zizi. Tusimsingizie Mungu. Tuseme, "Dereva, polepole," hata tukichekwa.