Ushindi ni wa Nani?

Timu ya mpira inaposhinda, watu huuliza ni nani aliyefunga. Inaposhindwa, huuliza ni nani aliyefundisha. Desturi hii imeenea hata haistaajabishi tena. Walakini ndani yake limo swali la haki: mtu asiyegusa mpira ana fungu gani katika sifa na lawama za mchezo?

Katika nyanda za juu za Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kuna kazi ya kale iwezayo kutusaidia kufikiri. Wafipa wa zamani walikuwa mafundi mashuhuri wa chuma. Tanuri zao za udongo zilipita kimo cha mtu, na mabaki ya baadhi yake yangali yamesimama. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuri ndogo za kusafishia chuma. Ile tanuri kubwa haikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini, ikavutwa juu na nguvu ya moto. Fundi alijenga, akapanga makaa na mawe yenye chuma, akaweka mirija mahali pake. Moto ulipokwisha kuwaka, aliungoja. Fundi hakuwa upepo. Lakini pasipo fundi, upepo ungalipita juu ya nyanda hizo bila kuacha hata jembe moja.

Kusini ya Ufipa iko Zambia. Na katika mji wa Ndola, nchini humo, mwaka 1979, Tanzania ilipata sare ya bao 1-1 iliyoipeleka Lagos kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 1980. Bao lilifungwa na Peter Tino. Mwalimu alikuwa Joel Bendera. Huko Lagos timu ilifungwa na Nigeria 3-1 na Misri 2-1, ikatoka sare 1-1 na Ivory Coast, ikarudi nyumbani. Bendera alikuja kuwa mbunge, naibu waziri na mkuu wa mkoa, lakini jina lake halikuachana na Ndola. Alifariki mwaka 2017. Tanzania ilirudi katika fainali hizo mwaka 2019, baada ya miaka 39.

Je, Ndola ulikuwa mguu wa Tino au akili ya Bendera? Mfano wa mbali unatuonya tusijibu upesi. Marekani, katika mchezo wa besiboli, alikuwako mwalimu mwenye vituko, Casey Stengel, ambaye zamani za uchezaji wake aliwavulia watazamaji kofia, na ndege akaruka kutoka chini yake. Akiifundisha New York Yankees tangu 1949 hata 1960, alitwaa ubingwa mara 7 katika misimu 12. Mwaka 1962 alishika New York Mets, timu changa, ikashindwa michezo 120. Mtu ni yule yule, na mzaha ule ule. Hekima haifi kwa miaka 2. Upepo ndio uliobadilika.

Yuko atakayesema kwamba, ikiwa ni hivyo, mwalimu si kitu, na sifa zote ni za upepo. Hilo nalo ni kosa. Upepo huvumia tanuri iliyojengwa vibaya na iliyojengwa vizuri, na chuma hutoka katika moja tu. Kwa hiyo mwalimu adaiwe mirija: mazoezi, nidhamu, uteuzi wa haki, moyo aliowatia vijana. Akiiziba kwa uvivu au upendeleo, alaumiwe hata siku ya kushinda. Akiiweka sawa na upepo usije, asifukuzwe kama mwizi. Naye mwenyewe, siku ya shangwe, asidhani kuwa upepo ni pumzi yake.

Hukumu hii ni ngumu, maana mtazamaji huona moshi tu, haoni mirija. Tena haimhusu mwalimu wa mpira peke yake. Kila atawalaye kazi za wengine amo ndani yake. Tanuri za Ufipa zilipoa zamani, na fundi wengi hawatajwi kwa majina. Majembe yao yalilima.