Uzuri wa Njiani: Je, Yatosha Kutazama?

Wazee husema: Kuishi kwingi ni kuona mengi. Nasi twaweza kuongeza kwamba kusafiri nako ni kuona mengi. Lakini kuona ni nini? Mbuzi aliyefungwa juu ya kamyo naye ana macho. Milima hupita mbele yake sawasawa na mbele ya wasafiri wengine. Ikiwa Mungu alitupa sisi roho yenye akili, lazima kuona kwetu kuwe na jambo zaidi. Basi tuulize leo: Mtu apitaye katika nchi nzuri anadaiwa kitu, ama yatosha afurahi na kupita?

Tuchukue mfano wa njia ambayo wasomaji wengi wa Kivu wanaijua, ile itokayo Bukavu mpaka Uvira. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika karibu mita 770. Mto Ruzizi, utokao katika ziwa la kwanza na kuingia katika la pili, washuka karibu mita 700, na barabara nayo yashuka vilevile. Ukiisha kupita Nyangezi wafika penye miteremko ya Ngomo. Huko barabara imekatwa ubavuni mwa mlima. Ni nyembamba, inapindapinda, na upande mmoja ni korongo tupu. Kisha, chini kabisa, uwanda wa Ruzizi waonekana, mpana, mkavu wakati wa kiangazi na wa kijani wakati wa mvua, na ng'ambo yake milima ya Rwanda na Burundi imesimama kama ukuta. Hata msafiri mwenye maneno mengi hunyamaza.

Wako wasemao: «Kutazama milima ni kazi ya watalii, sisi twatafuta chakula.» Hawasemi vizuri. Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Mungu mwenyewe alivitazama alivyoviumba akaona ni vyema. Na Kitabu cha Hekima chafundisha kwamba uzuri wa viumbe humwongoza mtu kumtambua Muumba wake. Tena chawalaumu wale waliosimama kwenye viumbe wasifike kwake. Kwa hiyo furaha ya macho si dhambi, wala si mali ya matajiri. Mtu asiyeshangaa tena mbele ya kazi ya Mungu amepungukiwa.

Lakini itazame tena barabara ile ile. Mama mmoja anaupanda mlima. Amebeba gunia la makala mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imeinama. Yeye anaona nini? Anaona mawe mbele ya miguu yake. Mlima unaotupendeza sisi tulioketi ndani ya motokari, kwake ni uzito. Tusiseme kwamba hajui uzuri. Anaujua, pengine kutupita, maana ndiyo nchi aliyozaliwa. Ila mzigo haumpi nafasi ya kuinua kichwa. Tena tukumbuke kwamba barabara nyingi za milima yetu zilichimbwa wakati wa ukoloni kwa mikono ya watu, na wengi wao walitolewa vijijini kwa nguvu. Hata mahali pale tunaposimama kutazama, tulipewa kwa jasho la wengine.

Shuka mpaka uwandani, ufike Sange. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, kamyo la petroli lilipinduka hapo barabarani. Watu wakaja, wakubwa na watoto, wengine kuteka mafuta yaliyomwagika, wengine kutazama tu. Moto ukawaka, ukawafikia hata watu waliokusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Walikufa zaidi ya 230, na wengi wakazikwa pamoja katika makaburi ya jumla. Msafiri apita hapo kwa dakika chache, na ni rahisi kwake kusema dirishani: «Walikuwa wajinga, kwa nini wateke petroli?» Mwenye kusema hivyo amekiona kijiji, lakini hajauona umaskini unaomfanya mtu aihesabu ndoo moja ya petroli kuwa bahati kubwa.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, awalaumu watu waendao kustaajabia milima mirefu na mawimbi ya bahari, huku wakijisahau wenyewe. Hakukataza milima, alionya kwamba macho yaweza kushiba na roho ikabaki na njaa. Na anayejisahau nafsi yake, upesi humsahau na jirani. Kumbukeni njia ya Yeriko katika Injili ya Mtakatifu Luka. Nayo hushuka sana, kupita mita 1,000 toka Yerusalemu. Kuhani alimwona yule aliyejeruhiwa, Mlawi alimwona, Msamaria alimwona. Macho ya wote watatu yalikuwa mazima. Wawili walipita kando, mmoja alisimama.

Mtu ataniuliza: «Njiani kuna watu elfu. Nikisimama kwa kila mmoja, nitafika Uvira lini? Tena kamyo si langu.» Neno hilo ni la haki. Msamaria mwenyewe hakuiacha safari yake. Alimpeleka mgonjwa kwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaendelea, akaahidi kurudi. Mungu hadai tusichoweza. Adai kile kidogo kilicho mkononi. Shofere apunguze mwendo penye watu waendao kwa miguu, asiwafunike vumbi wala kuwarushia matope. Mnunuzi asimpunje mama auzaye nyanya kwa kuwa tu gari linataka kuondoka na mama anaogopa kurudi bila fedha. Mwenye kupiga picha aombe ruhusa, maana mtu si mti. Na afikaye mjini, akiulizwa habari za safari, asisimulie milima peke yake. Aseme pia daraja lililovunjika na shule isiyo na paa, hasa mbele ya wale wenye madaraka ya kuvitengeneza.

Je, tuache kufurahi mpaka taabu za nchi zitakapokwisha? Hapana. Mashariki ya Kongo imeona vita vingi tangu mwaka 1996, na watu wake hawakuacha kuipenda nchi yao. Tukifumba macho kwa huzuni, mzigo wa mama yule haupungui hata kilo moja. Tena nani atailinda nchi ambayo hakuuona uzuri wake? Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vyapaswa kusikiwa pamoja. Basi jibu ndilo hili: yafaa kutazama, lakini haitoshi. Uzuri wa njiani ni zawadi, na aliyepokea zawadi ana deni kwa Mungu aliyeitoa, na kwa watu wanaokaa mahali hapo.

Ndugu msomaji, utakaposhuka Ngomo, umshukuru Mungu kwa yale yaliyo mbali. Kisha uwatazame na walio karibu na gurudumu, na umwambie shofere aende polepole.