Deni la Mwili wa Mtoto

Kazi ni heshima ya mwanadamu. Mtu asiyefanya kazi huwa mzigo kwa nafsi yake na kwa jamaa zake, na mzazi amwachaye mtoto akue katika uvivu hamtendei hisani. Kwa sababu hii imekuwa desturi, pwani na bara, kumzoeza mtoto kazi mapema: kuteka maji, kufagia ua, kuchunga mbuzi, kumbeba mdogo wake. Samaki mkunje angali mbichi, wazee husema. Hapana mwenye busara aipingaye methali hii. Kipasacho kupingwa ni desturi ya kuifanya ngao ya kila kazi apewayo mtoto, hata ile imwuguzayo.

Methali yenyewe yafaa kutazamwa kwa makini. Samaki hukunjwa angali mbichi kwa kuwa ni laini. Walakini ulaini haubagui: ule upokeao umbo jema ndio upokeao jeraha. Mtoto hujifunza upesi kwa sababu ubongo wake ungali unajengwa, na kwa sababu iyo hiyo sumu iufikiayo humdhuru zaidi kuliko imdhuruvyo mtu mzima. Mapafu yake yangali yanakua, mifupa yake haijakomaa, na kwa kipimo cha uzito wake yeye huvuta hewa nyingi kumshinda baba yake. Basi jambo lile lile litoalo ruhusa ya kumfunza ndilo liwekalo mpaka wa kumtumikisha.

Ushahidi wa hayo uko katika machimbo madogo ya dhahabu nchini Tanzania. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wafanyao kazi katika machimbo hayo: kuchimba, kubeba mawe, kuyaponda na kuchenjua dhahabu. Mawe husagwa yakawa unga. Unga huchanganywa na maji na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu, ili zebaki ishikamane na chembe za dhahabu. Kisha donge lipatikanalo huchomwa motoni. Zebaki hugeuka mvuke ikaruka, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Huingia mapafuni, hupita katika damu, hufika kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Mwenye kuuvuta kwa muda mrefu aweza kupatwa na mtetemo wa mikono, kupoteza kumbukumbu, au kuharibika figo. Vumbi la mawe nalo hutia makovu katika mapafu, na ugonjwa wake aghalabu hukawia miaka mingi kabla ya kujidhihirisha, wala hauna dawa ya kuuponya.

Katika kukawia huku ndimo mlimo na swali la maadili. Ujira hupokewa jioni ile ile, nao huliwa usiku ule ule. Madhara hulipwa na mtu mwingine: mtu mzima ambaye mtoto yule atakuwa baada ya miaka ishirini, atakayekohoa bila kukumbuka vumbi alilolivuta. Huu ni mkopo ambao akopaye si yeye alipaye. Huenda ikasemwa kwamba mtoto mwenyewe alikubali, tena kwa furaha, kwa kuwa alitaka kumsaidia mama yake. Furaha hiyo ni ya kweli na yastahili sifa. Lakini ridhaa ni ya mtu ajuaye anachokitoa, na mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kujua thamani ya pumzi ya mtu wa miaka thelathini.

Husemwa tena kwamba mzazi ana haki ya kumwamulia mwanawe. Ni kweli, lakini haki hiyo ni ya mwenye kushika amana, si ya mwenye mali. Msimamizi wa shamba la yatima aweza kumlisha yatima kwa mazao ya shamba. Akiliuza shamba lenyewe ili ale, amehini. Kazi nyepesi za nyumbani ni mazao ya utoto. Afya ya mtoto ni shamba lenyewe.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya njaa. Mama asiye na unga hawezi kuambiwa angoje miaka ishirini. Hakukosea hesabu, amepewa mabaya mawili achague moja. Kumlaumu yeye kwanza ni kumwonea. Lawama yampasa zaidi yule amwajiriye mtoto kwa kuwa ujira wake ni haba na sauti yake ni ndogo, na yule anunuaye dhahabu bila kuuliza imepita katika mikono ya nani. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, yamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi, nayo yakataza kazi za hatari kwa kila aliye chini ya miaka 18. Sheria ni njema, walakini haijazi chungu. Amri ya kumtoa mtoto shimoni yadai pia njia ya kumlisha akiwa shuleni.

Wala jambo hili si la nchi moja. Shirika la Kazi Duniani pamoja na UNICEF yalikadiria kwamba mwaka 2024 watoto milioni 138 ulimwenguni walikuwa wakitumikishwa, na kati yao milioni 54 walikuwa katika kazi za hatari. Wengi wao walikuwa mashambani.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mtoto afanye kazi au asifanye. Yafaa kuuliza, juu ya kila kazi, kama humwongezea mtoto au humpunguza. Mtoto arudipo kutoka malishoni amechoka, usingizi wa usiku mmoja humrudishia nguvu, na ujuzi alioupata hubaki kwake. Arudipo kutoka kwenye moshi wa zebaki, usingizi haumrudishii kitu. Kazi ya kwanza ni malezi. Ya pili ni deni, na asiyekuwapo hakopewi kwa jina lake.