Kipande Kilichokatikia Ndani

Katika kila jumuiya ya waamini huja siku ambapo viongozi hukaa kuzungumza juu ya mtu mmoja. Ameanguka, jambo limejulikana, na swali ni moja: tumfanyeje? Wapo wanaosema aondolewe mara moja, maana uovu wa mmoja huambukiza wengi. Wapo wanaosema avumiliwe, maana hakuna mkamilifu kati yetu. Pande zote mbili zina Maandiko mkononi, na kikao huisha usiku bila watu kuelewana. Sisi tunadhani kuna swali linalopaswa kutangulia. Tunapoondoa kilichoharibika, ni kitu gani tunataka kibaki kizima?

Mafundi wa magari hukutana na swali hili karibu kila wiki, na namna wanavyolijibu inaweza kutufundisha.

Hapa kwetu Mollo tunajua thamani ya gari. Bila gari mahindi na maharage hayafiki Sumbawanga mjini, na mgonjwa hafiki hospitali. Kwenye injini ya gari kuna kifaa kidogo kilichofungwa kwa nyuzi kama bolti: sensa ya presha ya oili. Kazi yake ni moja tu. Oili isipozunguka kwa nguvu inayotakiwa, huwasha taa nyekundu mbele ya dereva. Ndani ya injini, vyuma vinavyozunguka hutenganishwa na utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikosekana chuma husaga chuma, na injini inaweza kunoki kwa dakika chache. Sensa haileti oili wala haiendeshi gari. Inasema ukweli, basi.

Kwa miaka ya joto, vumbi na kutu, sensa hiyo hushikana na injini. Ikiharibika na kutakiwa kutolewa, fundi mwenye haraka huweka spana, huvuta kwa nguvu zote, na kichwa cha sensa hukatika. Sehemu yenye nyuzi hubaki imekwama ndani ya tundu. Hapo ndipo kazi ngumu huanza, kwa sababu nyuma ya tundu lile kuna njia ya oili. Chembe ya chuma ikidondokea humo inaweza kusafiri na oili hadi mahali pa kuiua injini.

Fundi yule yule wa haraka sasa hushika tindo na nyundo. Atapiga, na kipande kitatoka. Lakini kitatoka pamoja na nyuzi za tundu lenyewe. Sensa mpya ikiletwa haitashika, na oili itavuja. Kibovu kimeondoka, na mahali pa kukaa kilicho kizima pameharibika. Kwa hiyo fundi mzuri hasemi amemaliza kipande kinapotoka. Huchukua kurunzi, humulika ndani ya tundu na kutazama nyuzi.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema juu ya kuonyana. Dhamiri ya mtu ni kama ile sensa: inaweza kuvunjika, akafanya mabaya na taa isiwake. Lakini mahali pale dhamiri inapojishikiza pana nyuzi zake. Ni uwezo wa mtu wa kusikia, na imani aliyo nayo kwamba wanaomwambia ukweli wanampenda. Tukimwaibisha mbele za watu, huenda ataliacha kosa lile. Huenda pia hatasikia tena neno la mtu yeyote wa kanisa mpaka anakufa. Tutahesabu kwamba tumeshinda, kwa sababu kipande kimetoka. Nyuzi hatukuzitazama.

Bwana wetu alifundisha jambo lililo karibu na hili katika mfano wa magugu, Mathayo 13. Watumwa walitaka kuyang'oa mara moja. Mwenye shamba aliwakataza, na sababu yake haikuwa huruma kwa magugu. Alihofia ngano. Aliyapima magugu kwa kuangalia kile kilichoota karibu nayo.

Sasa, kabla ya kugusa spana fundi hupima. Taa ya oili ikiwaka, huvuta kwanza kijiti cha kupimia na kuangalia kama oili ipo, kisha hupima presha kwa geji. Kwa maana mara nyingine sensa ni nzima kabisa, na taa inawaka kwa sababu oili imepungua kweli. Dereva anayeiona taa kama kero hutamani ing'olewe ili asisumbuliwe. Mfalme Ahabu alifanya hivyo kwa nabii Mikaya, kama tunavyosoma katika 1 Wafalme 22. Manabii wengi walimwambia alichotaka kusikia. Mmoja alimwambia alivyoambiwa na Mungu, naye akatiwa gerezani. Ahabu akaenda vitani, akafa. Hata katika jumuiya zetu, yule anayeuliza maswali juu ya hesabu za michango anaweza kuitwa mleta fitina. Tupime kwanza. Sensa inayosema kweli haing'olewi.

Kupima kuna uzito wa pekee hapa Ufipa. Wenyeji husimulia kwamba jina la Sumbawanga latokana na maneno yenye maana ya kutupa uchawi. Ni jina jema likichukuliwa kama wito wa kutupa uovu. Likichukuliwa kama ruhusa ya kutupa watu, ni hatari. Katika mikoa kadhaa ya nchi yetu akina bibi wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, nao wekundu ule ulikuwa wa moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Waliowaua waliamini wanaondoa kilichoharibika. Hawakupima.

Lakini kuna hoja ambayo hatuwezi kuikwepa. Watu wengine wataliona somo hili la upole kuwa pango la kuficha maovu. Mume anampiga mkewe, na jumuiya inasema tuwe na subira. Mtu mzima anamdhuru mtoto, na wakubwa wanasema tulimalize ndani. Je, fundi wetu mpole ndiye anayetetea hayo?

La. Kitu cha kwanza fundi anachofanya ni kuzima injini. Gari lisilo na presha ya oili haliendeshwi huku likisubiri matengenezo, na abiria hushuka. Subira yote inayofuata ni subira kwa kipande kilichokwama; abiria hawahusiki nayo kabisa. Vivyo hivyo mtoto aondolewe mikononi mwa anayemdhuru leo hii, na vyombo vya sheria viambiwe. Mke apewe mahali salama pa kulala usiku huu. Mtunza fedha anayetuhumiwa akabidhi sanduku kabla ya kikao kuanza. Baada ya hapo ndipo tuanze kazi ya polepole ya kuushughulikia moyo wa aliyekosa. Wanaochanganya mambo haya mawili hukosea pande zote: humkawiza anayeumia, na humharakisha anayepaswa kutubu.

Gari likishasimama, kazi inakwenda kwa hatua. Fundi husafisha pembeni ya tundu ili uchafu usiingie. Hutia mafuta ya kulainisha kutu, akaacha yaloweke, pengine hadi asubuhi. Hujaribu kukizungusha kipande kidogo, akirudi na kwenda, kwa sababu kutu huachia kwa kurudiwarudiwa. Isipokubali, huongeza kidogo. Ndivyo ilivyo Mathayo 18: kwanza nenda wewe na ndugu yako peke yenu, kisha chukua mmoja au wawili, na hapo tu kanisa lijulishwe. Mara ngapi sisi binadamu huanzia hatua ya tatu! Binti wa kwaya akipata mimba, habari hutangazwa kabla mama mmoja hajaketi naye jikoni na kumuuliza amekula nini. Na kijana aliyehusika huendelea kuimba besi Jumapili ile ile.

Mafuta yakishindwa, fundi ana chombo kingine. Ni chuma kigumu, chembamba kwenye ncha, chenye mifereji iliyopinda kuelekea kushoto. Hukiingiza ndani ya kile kipande kilichovunjika, na akizungusha kushoto, chuma hicho huzidi kukamata kadiri kinavyozungushwa, mpaka vyote viwili vinatoka pamoja. Kama lazima atoboe kwanza, hupaka grisi kwenye ncha ya kutobolea ili chembe zinase humo zisidondoke. Tazameni tofauti. Tindo hupiga kipande kutoka nje. Chuma hiki huingia ndani yake na kuzunguka pamoja nacho.

Sisi Wakristo hatuwezi kulitazama hilo bila kukumbuka namna tulivyookolewa. Mungu hakutupigia kelele kutoka mbali. Mwana wake aliingia katika hali yetu, akala nasi, akajaribiwa kama sisi, akatushika kutoka ndani ili atoke pamoja nasi. Zakayo alitoa mali yake Yesu alipokwisha kuingia nyumbani mwake. Anayetaka kumtoa ndugu yake mahali alipokwama hana budi kuingia nyumbani mwake, avisikie vilio vyake, na akubali kuzunguka naye.

Hata hivyo chombo hicho nacho kina onyo. Kikilazimishwa, hukatikia ndani ya kile kipande. Na kwa kuwa ni chuma kigumu mno, kukitoboa huwa karibu haiwezekani. Mvunjiko wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza. Aliyeumizwa na dunia anaweza kuponywa na kanisa. Aliyeumizwa na mchungaji wa roho yake, aliyekuja kwa jina la upendo, ataponywa na nani? Ndiyo maana katika 2 Wakorintho 2 Mtume Paulo aliwaambia waamini kwamba adhabu aliyopewa mtu yule na wengi ilitosha, na sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Alijua kulegeza mkono kabla chuma hakijakatika.

Wazee wa Ufipa wasingeshangazwa na haya. Walikuwa wayeyushaji wa chuma. Tanuru zao za udongo, malungu, zilikuwa ndefu kuliko mtu, na mabaki yake bado yanaonekana mahali mahali katika nyanda hizi. Chuma kilichotoka humo kilikuwa kimejaa takataka. Hawakukitupa. Walikipeleka kwenye tanuru dogo la pili, lililopulizwa kwa mivukuto, kikasafishwa ndipo kikawa jembe. Walitenganisha takataka na chuma kwa moto na jasho, kwa sababu walijua watu wanahitaji kulima.

Fundi akimaliza hufunga sensa mpya, kwanza kwa vidole, taratibu, akihisi kama nyuzi zinapokea. Spana huja mwishoni, na kidogo tu, maana kukaza kupita kiasi huandaa mvunjiko wa kesho. Kisha huwasha injini na kutazama taa. Inawaka, halafu inazimika yenyewe.

Basi viongozi watakapokaa tena kuzungumza juu ya mtu mmoja, tunashauri waulizane mambo manne kabla ya kupiga kura. Tumepima? Wanaoumia wako salama tayari? Nani kati yetu ameshaingia nyumbani kwake? Na tukimaliza kazi hii, je, bado patakuwa na mahali ndani yake ambapo neno la Mungu linaweza kujishikiza? Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, hata kibovu kikitoka, kazi bado haijafanyika. Turudi tukatie mafuta, tusubiri asubuhi.